Ua la Ukutani kwa Msusi

Kama unakula, weka kijiko chini kwanza. Haya si maneno ya kusikiliza mtu akiwa na tonge mdomoni, na mimi sitaki lawama za mtu.

Lilianza jioni, jua limeshuka nyuma ya mapaa, Msusi ametoka na ndoo yake ya nywele kwenda kuzichoma. Ilikuwa kazi ya kila siku. Alisukia wateja nyuma ya nyumba aliyopanga, chini ya kibanda cha mabati chenye vigoda vitatu, kioo kilichopasuka pembeni na redio isiyozimwa. Siku nzima nywele zinadondoka: zilizochanuka, zilizokatwa ncha, misuko ya zamani iliyofumuliwa. Jioni anafagia, anajaza ndoo, anachoma.

Hilo alifundishwa na shangazi yake, marehemu, aliyemtia ufundi mkononi. Shangazi alikuwa na maneno machache na kibao cha haraka. Kila jioni alisema lilelile: nywele za mtu ni mtu, usilaze mtu nje. Zichomwe siku hiyohiyo, kabla giza halijaingia. Msusi alilishika sharti hilo miaka kumi na mitano bila kuuliza kwa nini, maana shangazi hakuwa mtu wa kuulizwa.

Ila nywele zikiungua, jamani, zinanuka. Wewe uliyewahi kuunguza unywele mmoja tu kwenye mshumaa, zidisha mara ndoo. Mwenye nyumba alikuwa amekuja kulalamika mara tatu, na jioni ile alisimama mlangoni, leso puani, akasema moshi ule ukiingia tena chumbani kwake Msusi atafute pengine pa kusukia. Akaondoka anatema mate.

Basi Msusi akabaki amesimama na ndoo mkononi na kiberiti mfukoni, hajui aende wapi. Ndipo Bi Kilemba akamwita kwa sauti ya chini kutoka upande wa pili wa ukuta.

Bi Kilemba alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mjane wa makamo, mpole, nadhifu. Jina alipewa na mtaa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, iwe jua, iwe mvua, iwe msibani. Siku moja Msusi alijitolea kumsuka bure, kwa ujirani tu. Bi Kilemba alicheka, akasema kichwa chake kina mwenyewe. Watu wakaona ni mzaha wa mjane anayemkumbuka mumewe.

"Unachoma mbolea, mwanangu," alimwambia jioni ile.

Akampa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi. Kilikuwa kipande cha mmea, urefu wa kiganja, majani mawili yamejikunja, na pale kilipokatwa palikuwa bado panatoa maji. Akamweleza. Chimba shimo mpaka kiwiko kizame. Chini jaza nywele, juu yake udongo, kisha chomeka. Mwagilia jioni, si asubuhi. Ukifika magotini uchume ncha, utachanua matawi pande zote. Funga kamba ukutani ushikie. Kila siku, nywele za siku hiyo zifukie pembeni ya shina.

"Ila usije ukaukata shina," akasema. "Na usije ukauchoma."

Alisema hivyo kama mtu anayekukumbusha usizidishe chumvi. Msusi akaitikia. Hakuuliza kile kipande kilikatwa wapi, wala hakukumbuka kwamba kwa Bi Kilemba, alikoingia mara nyingi kuazima pasi, kulikuwa na saruji tupu kutoka mlangoni hadi getini, hakuna hata jani.

Na hebu tuseme ukweli: roho ya Msusi ilikuwa kwenye ule ukuta. Ulikuwa ukuta wa matofali yasiyopakwa, umechirizikiwa na maji machafu ya bomba la juu, na ndio uliotazamana na wateja kutwa. Alitamani maua siku nyingi. Sasa amepata maua na amepata pa kutupa nywele, na mwenye nyumba atanyamaza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe alikuwa kaburini, nani wa kumsema?

Akachimba palepale. Juu kabisa ya ndoo, nywele za mwisho kufagiwa, zilikuwa za mwanawe.

Mwanawe alikuwa wa kike, wa miaka tisa, wa pekee. Walimwita Pamba kwa jinsi nywele zake zilivyojaa na kulainika. Baba yake alikuwa dereva wa malori, anarudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili, analala, anaondoka, kwa hiyo maisha yote ya Msusi yalikuwa yule mtoto. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Pamba kufumuliwa na kusukwa upya. Misuko miwili iliyojifunga ikakataa kufumuka, Msusi akaikata pamoja na shanga zake nyekundu, ikaangukia ndooni. Ndiyo iliyotangulia shimoni.

Mmea ukashika.

Ulishika mpaka watu wakashangaa. Siku ya saba umetoa jani jipya. Wiki ya tatu uko magotini, Msusi akauchuma ncha alivyoagizwa, na kesho yake palipochumwa pametoka matawi manne. Miezi miwili haikuisha ukawa umefunika ukuta wote, umevuka kamba, umepanda mabati ya kibanda na kuning'inia upande wa pili. Halafu ukatoa maua. Meupe, mapana kama kisahani cha chai, na ndani kooni rangi ya zambarau mbivu. Yalifunguka jua likizama, yote kwa pamoja, na ukiwa kimya uliyasikia. Pf. Pf. Pf. Kama midomo.

Wateja wakaongezeka. Wengine walikuja kupiga picha tu, wakiona aibu wanaomba angalau kuchanwa. Mwenye nyumba naye alikuja, akasimama chini ya maua mikono nyuma, akasema nyumba imepata sura. Msusi akavimba kichwa. Kila jioni alifukia ndoo yake, akamwagilia, akakaa kigodani kutazama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na afadhali ingekuwa mti.

Maana palikuwa na harufu.

Kwanza ilikuja tamu, ya kukufanya ufumbe macho. Kisha, ukivuta tena, kulikuwa na nyingine chini yake. Wateja hawakuitambua, Msusi aliitambua, kwa sababu ndiyo harufu ya kazi yake: kichwa kilichokaa chini ya wigi wiki mbili bila kuoshwa. Jasho lililochacha, mafuta yaliyooza. Akajiambia ni ndoo. Akaiosha ndoo kwa sabuni, akaianika, na harufu ikabaki.

Halafu akagundua nyuki hawaji. Maua mengi namna ile na hakuna hata nzi. Jioni moja akavuta ua moja karibu achungulie. Mle kooni kulikuwa na vitu vinatembea. Vidogo, vya kijivu, vimenenepa. Msusi si mtu wa kubahatisha hivyo vitu, amevitoa vichwani mwa watoto wa watu miaka yote. Akakitoa kimoja, akakibana kati ya kucha mbili za gumba. Kikalia tak. Kikatoa damu.

Chawa. Na chawa hawali maua.

Alinawa mikono mara tatu, na usiku alikula kwa kijiko asishike chakula. Asubuhi akaona majani yana unga mweupe, akajipa moyo kwamba basi ni wadudu wa mimea, atanunua dawa. Akaukwangua ule unga kwa ukucha. Ulitoka kwa magamba makavu, mepesi, yakamdondokea kifuani. Ilikuwa mba. Mba wa kichwa, umelala kwenye jani.

Sasa wewe utaniuliza kwa nini hakuung'oa siku hiyo. Nami nimejiuliza, na namkasirikia mpaka leo. Lakini mtu akishasifiwa kwa kitu ni vigumu kukiri kinanuka. Akapangusa majani kwa kitambaa chenye maji, akaendelea kusuka.

Wiki hiyo akaja mke wa fundi viatu, mteja wake wa miaka, mwanamke mcheshi ambaye kwa kawaida hucheka tangu barabarani. Siku hiyo hakucheka. Alikaa, akangoja wengine watoke, akafungua kitambaa. Utosini palikuwa na upara wa ukubwa wa kifuniko cha chupa. Haukuwa na kidonda wala ukurutu. Ngozi tupu, inang'aa, na vitundu vya nywele viko wazi kama vimenyonywa.

"Shoga," alinong'ona, "niambie ukweli. Ulinipaka nini?"

Msusi akaapa hakumpaka kitu. Akasema labda maji, labda sabuni. Lakini hakuwa mke wa fundi viatu peke yake. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa nao nyuma ya sikio. Mwuza mitumba alikuwa nao mara mbili. Wote walisema kwamba jua likizama kichwa kinawavuta, na wote walikuwa na uchovu usio na sababu. Wakaanza kupungua, mmoja mmoja, na kila aliyepungua Msusi alisema nafuu, atapumzika.

Kisha ikamfika Pamba.

Mtoto alianza kurudi kutoka shule na kulala na viatu. Akaacha chakula. Mashavu yakaingia ndani. Zile nywele za sifa zikarudi nyuma kwenye paji la uso, na kitana kikipita kinatoka kimejaa. Zahanati wakampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, wakasema ale mboga. Alikula mboga, akatapika. Ikawa kila maua yanapofunguka, yule mtoto, popote alipokaa, shingo yake inalala upande mmoja, taratibu, kuelekea ukutani.

"Mama, kuna mtu ananivuta."

"Nani anakuvuta?"

Pamba aliinua kidole tu, akaonyesha maua.

Msusi akamvuta mwanawe kifuani. Alikuwa na mtoto mmoja. Sikia vizuri: mmoja. Madaktari walimwambia zamani asitegemee mwingine. Usiku ule hakulala, alikaa kitandani ameshika mguu wa mwanawe kama mtu anayeshikilia kamba, asubuhi akawafukuza wateja wote, na alasiri akatoka kwenda kuutazama ule mmea kwa macho ya kuutazama kweli.

Tawi moja jipya lilikuwa limening'inia. Alilishika alitupe pembeni, akaliona lilivyo. Halikuwa tawi moja. Vilikuwa vitawi vitatu vyembamba, vimesukana. Vimesukana vizuri, mstari umenyooka, hakuna kilicholegea. Akafuata kwa vidole mpaka mwisho.

Mwishoni palikuwa na fundo.

Kila msusi ana mkono wake. Shangazi alimalizia msuko bila uzi: ncha ya kushoto inapita chini mara mbili, inajifunga yenyewe, inazama ndani isionekane. Hakumfundisha mtu mwingine. Duniani palikuwa na mikono miwili tu iliyojua kufunga hivyo, na yote ilikuwa ya Msusi. Sasa akatazama ukuta mzima. Mamia ya misuko, juu mpaka chini, na kila mmoja umefungwa fundo la shangazi.

Akalibana lile fundo. Lilikuwa la joto, nalo lilimpiga kidoleni, taratibu, kama mshipa.

Akachukua jembe.

Hapa ndipo nilipokwambia uweke kijiko. Jembe la kwanza halikugonga udongo. Liliingia likakwama, na alipolivuta likaja na kitu kama godoro bovu: nywele, zimeshikamana, zimelowa mafuta, na mizizi myeupe imepita katikati yake kama meno ya kitana. Akavuta kwa mikono. Chini ya nywele ndipo alipotegemea udongo, na udongo haukuwepo. Palikuwa na ngozi. Nyembamba, imetandazwa chini ya shimo lote, imepauka kama kichwa kilichonyolewa sasa hivi, na inatoa jasho. Ina vitundu. Kila kitundu kimeingia mzizi.

Na katikati kabisa, pale mizizi iliponenepa kama vidole, palikuwa na misuko miwili midogo yenye shanga nyekundu. Haikuoza. Ilikuwa imerefuka.

Msusi akatapika palepale shimoni. Ile ngozi ikasinyaa, kisha ikanyonya.

Kuanzia hapo hakufikiri. Alitaka tu kitu kile kisiwepo duniani. Akaingia ndani akatoka na panga, akalipiga shina mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu likakatika. Halikutoa utomvu. Lilitoa mafuta mazito ya manjano, yenye nyuzi, yakamrukia mdomoni. Wakati huohuo Pamba akapiga ukelele chumbani.

Akamkuta amekaa kitandani, kichwa kwenye viganja, macho makavu.

"Umeniachia, mama," akasema. "Umeniachia."

Moyo wa Msusi ukarudi mahali pake. Akambusu, akambusu tena, akatoka, akaangusha matawi yote, akayarundika shimoni juu ya ile ngozi, akamwaga mafuta ya taa dumu zima, akawasha kiberiti. Shangazi, alisema kimoyomoyo, nimechelewa lakini nimechoma.

Ulivyoungua haukupasuka kama kuni. Ulichemka, ukatoa povu, kama ngozi ya nyama. Mwenye nyumba alipiga kelele dirishani na hakuna aliyemjibu. Msusi alisimama na jembe, kila kinachotaka kutoka anakirudisha motoni, mpaka jua likazama na rundo likawa majivu. Kitu kimoja tu alikiona na hakukitia maanani. Moshi haukupanda. Ulishuka ukutani, ukatambaa chini sakafuni, taratibu, ukaelekea mlangoni. Na mlangoni alikuwa amesimama Pamba, mikono imelegea, mdomo wazi, anavuta pumzi.

Usiku ule mtoto alikula sahani mbili.

Wiki mbili hazikuisha mashavu yakarudi. Nywele zikaanza kuota tena, laini, nyingi kuliko za kwanza. Mke wa fundi viatu alipita akicheka tangu barabarani, akavua kitambaa, akaonyesha upara umefunikwa. Msusi alilia kwa furaha mbele ya wateja, hakuona haya. Ukuta ulirudi kuwa mchafu, na akaupenda hivyohivyo. Nywele akazichoma kila jioni, mwenye nyumba akasema atakavyosema.

Kilichombakia kifuani kilikuwa hasira. Siku ya ishirini na moja, jioni, alimwacha Pamba na kitabu chake cha shule, akaenda kwa Bi Kilemba. Alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, makali, kwa mpangilio.

Bi Kilemba alimfungulia, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho bila kubisha. Msusi alimweleza yote: upara, chawa, ngozi, shanga. Alipofika kwenye panga na mafuta ya taa, yule mama aliinua uso.

"Uliuchoma?"

"Wote. Mpaka majivu."

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Mlangoni," Msusi alisema.

Bi Kilemba akashika ncha ya kilemba chake. Akakifungua taratibu, mzunguko kwa mzunguko, kitambaa kikadondoka mapajani kwake. Cha juu kilikuwa kikavu. Cha ndani kilikuwa kibichi, kina madoa ya kijani. Harufu ilitoka kabla hajamaliza, ile tamu, na ile ya chini yake.

Hakuwa na unywele hata mmoja. Alikuwa na mashina. Membamba, ya kijani, yamelazwa kwa mistari kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, yamesukwa na mtu anayesuka kwa kupapasa. Pale kila shina lilipoingia, ngozi ilikuwa imevimba na kufunga mdomo kulizunguka. Kwenye paji la uso kulikuwa na kovu bichi lililotoa maji, urefu wa ncha ya mkasi. Juu ya sikio, kwa kuwa jua lilikuwa limeshazama, ua moja lilifunguka. Pf. Chawa akatoka, akatembea, akaingia tena.

"Nilikuwa na ukuta kama wako," Bi Kilemba alisema. "Nikauchoma kama wewe. Nilikuwa nimesimama karibu sana. Mmea wa kutambaa hauwezi kukaa hewani, mwanangu. Lazima ushike pahala."

"Kwa nini ulinipa mimi?"

Bi Kilemba alijibu kama mtu aliyeulizwa njia.

"Kichwa kimoja hakiutoshi. Nikiupunguza, nalala usiku mmoja, miwili. Na nilikwambia. Nilikwambia usiuchome." Akaanza kuzungusha kilemba chake tena. "Usimnyoe. Ukinyolewa unachanua pande zote. Msuke ulale chini, umzoeze kitambaa mapema. Watoto huzoea."

Msusi alirudi akikimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Pamba alikuwa amekaa kigodani, chini ya taa, kitana mkononi. Ilikuwa siku yake ya kusukwa, alikuwa anamngoja. Alikuwa amenawiri, anaimba kidogo kwa pua. Mama yake akakaa nyuma yake, akambana kwa magoti kama siku zote, akapitisha mkia wa kitana katikati ya kichwa, akagawa.

Utosini kulikuwa na kitu cha kijani. Kidogo, kama choroko iliyoota, majani mawili yamejikunja.

Akakishika kwa kucha. Akakivuta, polepole sana. Hakikukatika. Kilitoka kidogo, kikaendelea kutoka, chembamba, chenye utelezi, na ngozi ya kichwa ikainuka pamoja nacho kama shuka lililoshikwa katikati.

"Mama, usivute," Pamba akasema kwa utulivu. "Na huku nako kunavutika."

"Wapi, mwanangu?"

Mtoto akaweka kiganja tumboni.

Msusi akakiachia. Kikarudi ndani chenyewe, kidogo kidogo, mpaka yakabaki yale majani mawili. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya manjano. Akavifuta kwenye sketi, akavifuta tena. Kisha akachukua nywele upande wa kulia, nywele upande wa kushoto, na kile cha kijani katikati, akasuka. Alisuka karibu na ngozi, kikalala chini kisionekane. Alipofika kisogoni akafunga bila uzi, ncha ya kushoto chini mara mbili, ikazama. Mkono haukujua namna nyingine.

Akamaliza kichwa chote. Akamfunga kitambaa cheupe, akamwambia kuanzia leo hutoki bila hiki. Pamba akajitazama kwenye kioo, akasema kinampendeza.

Zikabaki zilizodondoka. Donge dogo tu la nywele, kama yai la njiwa, na ndani yake nyuzi mbili tatu za kijani. Msusi alilishika kiganjani muda mrefu. Kulichoma hawezi. Kulifukia hawezi. Kulitupa ni kumlaza mtu nje, na mtu mwenyewe ni huyu. Akatazama mlangoni, akatazama ukutani. Hapakuwa na pa kuliweka duniani.

Akalitia mdomoni.

Lilimkwama kooni, likamkuna, machozi yakamtoka. Pamba akamletea kikombe cha maji bila kuambiwa. Akanywa, akalisukuma, akanywa tena. Hivyo ndivyo anavyofanya mpaka leo, kila siku ya kumsuka mtoto.